Yaris, Jazz, Micra au Fiesta: gari dogo la zamani lipi linapita MOT bila kukausha mfuko

Ukiwa Uingereza na bajeti yako ya gari haivuki pauni 2,000, orodha hujifupisha yenyewe: Toyota Yaris, Honda Jazz, Nissan Micra na Ford Fiesta, nyingi zikiwa za kati ya 2003 na 2012. Tatu za mwanzo unazijua tangu nyumbani kwa majina mengine. Yaris ni Vitz, Jazz ni Fit, Micra ni March. Fiesta ndiyo mwenyeji: kuanzia 2009 hadi 2020 hakuna gari lililouzwa zaidi yake nchini humo, na ndiyo maana hata leo vipuri vyake havikosekani duka lolote.

Injini zisikuumize kichwa sana. Za zote nne hudumu zikibadilishwa oili kwa wakati. Linalotenganisha magari haya ni ukaguzi wa kila mwaka, MOT: lipi litapita, na likifeli, litafeli kwa kitu cha pauni kumi au cha pauni mia sita. Gari lililofeli kwa balbu mbili na tairi moja ni gari zima. Gari lililopita mwaka jana huku limeandikwa kutu kwenye bomba za breki na chini ya milango linaelekea kubaya, hata kama linang'aa.

Kwa watu wengi chaguo letu la kwanza ni Yaris ya kizazi cha pili (2006 hadi 2011). Jazz inaikaribia sana, na kwa mwenye familia inaipita, mradi una mahali salama pa kuilaza. Fiesta ya kuanzia mwisho wa 2008 yenye injini ya 1.25 ni ya tatu kwa ubora lakini ya kwanza kwa urahisi wa matengenezo. Micra ya K12 (2003 hadi 2010) tunaiweka mwisho, isipokuwa kwa mnunuzi wa aina moja tutakayemtaja mbele.

MOT inaangalia nini, na haiangalii nini

Gari hukaguliwa likifikisha miaka mitatu (Ireland Kaskazini minne), kisha kila mwaka. Ada ya juu kabisa kwa gari dogo ni pauni 54.85, na gereji nyingi hutoza chini ya hapo ili zikupate kwa matengenezo. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa madaraja: ya hatari, kubwa, ndogo, na chini yake kuna ushauri. Mbili za kwanza zinakufelisha. Ndogo na ushauri unapita nazo, lakini zinabaki kwenye kumbukumbu ya gari hilo, na ndizo utakazozitumia kumsoma muuzaji.

Zaidi ya robo ya magari hufeli mara ya kwanza, na sababu kubwa ni zile zile kila mwaka: taa, sasipensheni, breki na tairi. Mkaguzi hafungui kitu. Anaangalia, anatikisa kwa mtaimbo, anagonga chuma, anapima breki kwenye roli (mitungi ya mashine inayozungusha tairi) na moshi kwenye mashine. Klachi, giaboksi na ubora wa injini havimhusu. Micra inayopiga kelele za cheni ya taimingi (inayoendesha valvu za injini) kila asubuhi inaweza kupita ukaguzi leo na kukuacha barabarani mwezi ujao. Kwa hiyo cheti kipya cha MOT anachokuonyesha muuzaji ni habari nzuri, lakini ni nusu ya habari.

Kutu kwanza

Majira ya baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili zisigande barafu. Chumvi hiyo, pamoja na maji, huingia uvunguni na kukaa kwenye mikunjo ya bati. Ndiyo maana Vitz ya 2006 iliyoko Dodoma uvungu wake unaweza kuwa mzima kuliko Yaris ya mwaka huo huo iliyoko Leeds, hata kama ya Dodoma imepigwa mashimo miaka kumi. (Wa Mombasa na Tanga wenye magari yanayolala karibu na bahari hawahitaji kuelezwa.)

Kanuni ya MOT ni hii: chuma kilichooza hadi kudhoofika kinafelisha kikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapobeba mzigo, yaani panaposhikilia sasipensheni, usukani, breki au mikanda ya usalama. Kutu ya kwenye ubavu wa mlango haimhusu mkaguzi. Kutu ya kwenye kizingiti, ule ukingo wa chuma unaopita chini ya milango, inamhusu sana kwa sababu upande wa nyuma kizingiti kinaishia karibu na ekseli. Kiraka lazima kichomelewe mfululizo pembeni kote, si vidoti vidoti, na plasta ya bodi haikubaliki. Kiraka kimoja kwenye gereji ya mtaani huanzia kama pauni 150. Tatizo ni kwamba ukikata kutu unakuta kutu nyingine.

Hapa magari manne yanatengana wazi. Bodi ya Jazz na ya Yaris inavumilia. Kwenye Yaris utaona ekseli ya nyuma imekuwa ya kahawia yote na mkaguzi ameiandika kwenye ushauri. Mara nyingi ni kutu ya juujuu, chuma chenyewe ni kinene, na brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu vinaisogeza miaka kadhaa. Jazz ya kizazi cha kwanza (2002 hadi 2008) ina ugonjwa wake: maji hupenya hadi kwenye buti na kutuama kwenye shimo la tairi la akiba. Inua zulia la buti, toa tairi, tia mkono. Kukiwa na maji au alama ya maji, kagua bati la chini kabla hujataja bei.

Fiesta ya 2002 hadi 2008 huoza vizingiti upande wa nyuma, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Ya baada ya hapo ni nafuu kwa mbali. Micra K12 huoza sehemu hizo hizo, ingawa si kama K11 ya miaka ya 1990, ambayo injini yake ilikuwa haifi na bodi yake haikai. Ukiletewa K11, au Ford Ka ya kwanza (1996 hadi 2008), hata kwa bei ya baiskeli, shukuru na uondoke.

Jinsi ya kukagua mwenyewe: piga magoti nyuma ya mlango wa nyuma, washa tochi, tafuta pale jeki inapokaa. Ukingo wa chini unapaswa kuwa mstari ulionyooka na mkali. Ukiona umevimba kama maandazi, au rangi imeinuka kwa malengelenge, gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu. Kilichooza kinatoa sauti nzito ya kufa na vumbi jekundu linadondoka. Kukiwa na lami nyeusi mbichi iliyopakwa juzi uvungu mzima kwenye gari la pauni 1,200, jiulize ni nani aliyeona haja ya kuipamba sehemu ambayo mnunuzi haangalii.

Halafu bomba za breki. Ni bomba nyembamba za chuma zinazotoka mbele kwenda nyuma, na huoza pale zinapopita juu ya ekseli au nyuma ya vishikizo vya plastiki, mahali pasipoonekana vizuri. Mwaka wa kwanza mkaguzi anaandika kwenye ushauri kwamba zimeanza kutu. Mwaka wa pili anarudia. Mwaka wa tatu zimetoboka vishimo, umefeli. Zikibadilishwa, dai za aloi ya shaba na nikeli. Hazishiki kutu, na tofauti ya bei ya malighafi ni ndogo kwa sababu unacholipia hasa ni saa za fundi. Kwa hili hakuna gari kati ya haya manne lililo salama kuliko jingine. Linategemea limelala wapi na limeoshwa uvungu mara ngapi.

Springi, bushi na viungo

Springi za mbele kukatika ni ugonjwa wa kitaifa. Zinakatika mzunguko wa chini kabisa, pale zinapokaa kwenye kikombe: rangi inachubuka, chumvi inaingia, shimo moja la barabarani linamaliza kazi. Dereva mara nyingi hajui, anasikia tu mlio wa "tang" akikata kona taratibu. Springi iliyokatika inafelisha.

Micra K12 na Fiesta ndizo zinazoongoza hapa. Yaris na Jazz hukatika pia, ila mara chache zaidi. Badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, la sivyo gari litakaa upande. Kwa springi za kawaida zisizo za kampuni na kazi ya fundi, kadiria pauni 130 hadi 200. Kama shokapu zimeanza kuvuja, zibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile.

Stabilaiza link ndizo zinazogongagonga ukipita matuta. Ni rahisi kwenye magari yote manne, kipande ni kama pauni 10 hadi 20, na ugumu ni nati zilizoshikana kwa kutu. Fundi mwenye grinda hazungumzi nazo, anakata. Boljointi ya chini, kiungo kinachoshikanisha gurudumu na mkono wa chini wa sasipensheni, ndiyo inayotofautisha bili. Kwenye Yaris imefungwa kwa boliti, unabadilisha peke yake. Kwenye Fiesta huja pamoja na mkono mzima wa chini na bushi zake, na kwa sababu mikono hiyo ni rahisi, mwishowe si hasara: umepata na bushi mpya. Kwenye Jazz imeshindiliwa ndani ya nakali (chuma kinachobeba gurudumu), inahitaji mashine ya kushindilia, na fundi wa nyundo ataiharibu. Uliza kabla hujamwachia ufunguo.

Breki

Kwenye roli, mashine inapima nguvu ya kila tairi. Jumla ya breki ya mguu lazima ifike asilimia 50 ya uzito kwa gari lililoanza kutumika kabla ya Septemba 2010, na 58 kwa la baada ya hapo. Hendibreki ni asilimia 16. Viwango hivyo gari lenye pedi nzima hufikia bila shida. Linalofelisha zaidi ni kutolingana: tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja ikizidi asilimia 30, umefeli. Tairi la kushoto likisoma kilo 200 na la kulia 130, tofauti ni asilimia 35, na wewe barabarani hukuhisi kitu kwa sababu umeuzoea usukani unaovuta kidogo.

Sababu karibu kila mara ni kalipa iliyokwama, au silinda ya breki ya nyuma inayovuja ndani ya drami. Fiesta na Micra zenye drami huvuja silinda zikizeeka. Kipuri ni rahisi, lakini mafuta ya breki yakishalowanisha shuu, shuu hizo hazisafishwi, zinabadilishwa seti nzima pande zote mbili. Jazz zenye diski nyuma hukwama kalipa, hasa gari la mzee linalotoka mara moja kwa wiki kwenda dukani. Kilomita chache si sifa peke yake. Gari linalolala nje Manchester wiki nzima likiwa limevutwa hendibreki linaumia breki kuliko linalokwenda kazini kila siku.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kugoma ukifunga breki) isipozimika, umefeli. Kwenye magari haya mara nyingi ni sensa ya gurudumu au pete yake iliyoliwa na kutu. Fundi asome kwanza kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kabla hajakuuzia sensa nne.

Moshi na taa ya injini

Gari la petroli lenye katalisti (kifaa cha kwenye eksozi kinachosafisha moshi) linapimwa injini ikizunguka kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika: kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.2, hidrokaboni zisizidi 200 kwa milioni, na lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Baadaye inapimwa ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na hapo kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.3. Ukifeli lamda peke yake, usinunue katalisti. Tafuta kwanza tundu la eksozi. Hewa ikiingia kupitia kiungo kilichooza, sensa inadanganyika na mashine inasoma vibaya. Yaris ndiyo mteja mkubwa wa hili. Viungo vyake vya eksozi na silensa ya nyuma huoza mapema kuliko bodi yake. Gasketi na kipande cha bomba hutosha mara nyingi.

Kwa gari la petroli lililoanza kutumika Julai 2003 au baadaye, taa ya injini ikibaki inawaka, umefeli papo hapo. Hapa ndipo Micra inapoporomoka. Sensa za kamshafti na krankshafti zake hufa, na cheni ya taimingi hurefuka kwenye gari lililocheleweshewa oili, ikawasha taa hiyo hiyo. Sensa ni kazi ya dakika ishirini. Cheni ni kazi ya siku nzima na zaidi, inayoweza kufika nusu ya bei ya gari. Ili ujue ni ipi, nenda kuliona gari likiwa baridi, umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Washa mwenyewe boneti ikiwa wazi. Kelele ya kukwaruza kwa sekunde mbili tatu inayonyamaza baadaye ni cheni.

Jazz ya kizazi cha kwanza ina injini ya plagi nane, mbili kwa kila silinda. Wengi hubadilisha nne za mbele zinazofikika na kuziacha za nyuma. Vilevile valvu zake hurekebishwa kwa mkono kwa kupima nafasi. Zikikaza, hidrokaboni hupanda na injini inatetemeka ikiwa sailensa. Si gharama kubwa, ni kazi ya saa mbili kwa fundi anayejua, lakini wachache huifanya mpaka gari lifeli. Fiesta ya 1.25 husumbua koili na waya za plagi, vitu vya pauni 50 vyote.

Jazz ina jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu cha fundi. Wezi huipenda katalisti yake. Wanaingia chini na jeki, wanakata kwa msumeno, dakika tatu wameondoka. Gari lililotoka kiwandani na katalisti likienda MOT bila hiyo linafeli, na ya kununua mpya kutoka kampuni inaweza kuzidi thamani ya gari. Kwa anayelaza gari mtaani, miji mikubwa, tungemshauri Yaris kwa sababu hii tu.

Kwa jedwali

| | Yaris 2006–2011 | Jazz 2002–2014 | Micra K12 2003–2010 | Fiesta 2008–2012, 1.25 |
|---|---|---|---|---|
| Vizingiti | Hudumu | Hudumu | Kagua nyuma kwa makini | Nzuri. Ya kabla ya 2008 huoza |
| Springi za mbele | Mara chache | Mara chache | Hukatika sana | Hukatika |
| Breki za nyuma | Drami, hushika zikikaa | Kalipa hukwama kwenye zenye diski | Silinda huvuja | Silinda huvuja |
| Eksozi | Viungo huoza | Wizi wa katalisti | Kawaida | Kawaida |
| Taa ya injini | Nadra | Plagi, valvu | Sensa au cheni | Koili na waya |
| Taimingi | Cheni | Cheni | Cheni, husikika ikirefuka | Belti, ina muda wake |
| Otomatiki | Kwepa ya MMT | Inategemea mwaka | Nzuri | Nadra |

Mstari wa taimingi hauhusiani na MOT, tumeuweka kwa sababu unahusiana na pochi. Fiesta ya 1.25 hutumia belti. Kama hakuna risiti ya kuibadilisha na gari limepita miaka kumi, hesabu gharama hiyo kwenye bei. Fiesta zenye injini ya 1.0 EcoBoost, zilizoanza kuonekana mwisho wa 2012, ni hadithi nyingine: belti yake inazunguka ndani ya oili, ikichakaa inamwaga vipande vinavyoziba kichujio cha pampu ya oili, na injini inakufa. Kwa bajeti tunayoizungumzia, iache.

Otomatiki ndiko Micra inakojikomboa. Ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, ya kizamani, isiyo na ujanja. Yaris za otomatiki za kizazi cha pili nyingi zina MMT, yaani giaboksi ya manyuo inayobanwa klachi na kompyuta, na klachi hiyo huisha na kifaa cha umeme kinachoibana hugoma. Jazz ya kwanza ina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, inayotetemeka inapoanza kuondoka. Kubadilisha oili yake kwa oili ya Honda yenyewe, si ya "inafaa zote", mara nyingi kunatuliza. Jazz za kati ya 2009 na 2011 zina i-SHIFT, ambayo ina matatizo ya jamii moja na MMT. CVT ilirudi 2011. Basi anayeendesha otomatiki peke yake, na leseni yake ni ya otomatiki, K12 isiyo na kelele ya cheni na yenye springi mpya ni chaguo la haki kabisa.

Kulisoma gari kabla ya kulifuata

Serikali inaweka historia ya MOT ya kila gari mtandaoni bure. Unachohitaji ni namba ya gari tu. Kwa England, Scotland na Wales kumbukumbu zinarudi hadi 2005. Isome kabla hujalipa nauli ya treni.

Anza na maili. Ziandike mwaka kwa mwaka. Gari lililokuwa linakwenda maili 8,000 kila mwaka halafu ghafla likaenda 400, lilisimama. Tegemea breki na tairi zilizopasuka pembeni. Maili zikirudi nyuma, funga ukurasa.

Kisha soma ushauri, si matokeo. Chukua mfano wa Fiesta mbili za 2009. Ya kwanza imefeli mara nne katika miaka sita: balbu ya namba, tairi mbili, waipa, springi moja. Ya pili haijafeli hata mara moja, lakini miaka mitatu mfululizo imeandikiwa kutu bomba za breki, kutu kizingiti cha kulia, bushi za mkono wa chini zimeanza kupasuka. Mnunuzi wa haraka huchukua ya pili. Ya kwanza ina mwenye kupuuza vitu vidogo lakini chuma chake ni kizima na springi tayari mpya. Ya pili inakusubiri wewe ulipe yote kwa mkupuo mmoja.

Jihadhari pia na karatasi iliyokuwa chafu miaka mitatu, mwaka wa nne ikawa safi kabisa. Ama yote yalitengenezwa, na hapo risiti zitakuwepo, ama yamefunikwa. Mkaguzi haruhusiwi kukwangua lami ya uvungu mpaka aone kilicho chini.

Kama uko London au unaingia London, angalia na ULEZ, eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu, ambayo tangu Agosti 2023 imefunika mitaa yote ya jiji. Petroli ya kiwango cha moshi cha Euro 4 inapita bure, na karibu magari yote ya petroli ya kuanzia 2006 yamo. Ya kabla ya hapo mengine yamo, mengine hayamo, kwa hiyo hakiki kwa namba ya gari. Yasiyomo hulipa pauni 12.50 kwa siku. Dizeli ndogo za umri huu, kama Yaris D-4D na Fiesta TDCi, hazifikii kiwango, tena zina mambo ya moshi na filta. Kwa safari za mjini hatuoni sababu ya kuzitafuta.

Wiki moja kabla ya ukaguzi

Haya hayahitaji fundi, na ndiyo yanayofelisha magari mengi. Egesha gari uso ukutani jioni, washa taa zote, kisha geuza nyuma ukaangalie taa za breki zikiakisi ukutani. Usisahau balbu ya namba na taa ya ukungu ya nyuma. Lenzi za taa zilizofifia kuwa njano zing'arishwe kwa pasta ya kung'arishia. Zikizidi kufifia, mwanga hautoshi na mwelekeo wake hausomeki. Balbu za HID (za gesi, zenye mwanga mkali) za mtandaoni zilizopachikwa kwenye taa ya halojeni zitoe, zinafelisha.

Tairi ziwe na kina cha milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati, kuzunguka tairi zima. Geuza usukani hadi mwisho uangalie upande wa ndani, ambako Fiesta iliyokosewa alaimenti hulika kipara huku upande wa nje unaonekana mpya. Jaza maji ya kioo. Chombo kikavu kinafelisha. Ufa wa kioo uliopo mbele ya dereva, kwenye eneo linalofutwa na waipa, usizidi milimita 10, kwingineko kwenye eneo hilo 40.

Siku yenyewe, endesha dakika ishirini kabla ya kufika. Katalisti baridi haichomi gesi, na Yaris iliyotoka mtaa wa pili ikapimwa asubuhi ya Januari inaweza kufeli moshi bila kosa lolote. Kama taa ya injini ilifutwa kwa mashine jana yake, usiende, itawaka njiani.

Unaweza kukaguliwa mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha bila kupoteza tarehe yako: kinachoisha Mei 15 kinakaguliwa kuanzia Aprili 16. Itumie nafasi hiyo. Ukifeli kwa kasoro kubwa isiyo ya hatari, na gari bado liko salama barabarani, cheti cha zamani kinaendelea mpaka tarehe yake, na una wiki kadhaa za kuulizia bei gereji tatu badala ya kukubali ya kwanza. Kasoro ikiandikwa ya hatari, gari haliendeshwi tena mpaka litengenezwe. Faini inaweza kufika pauni 2,500. Ukiliacha hapo hapo likatengenezwa na kukaguliwa tena ndani ya siku kumi za kazi, ukaguzi wa marudio ni bure. Ukiliondoa ukalirudisha ndani ya siku hizo kumi, kwa kawaida utalipa sehemu tu ya ada, na kwa baadhi ya vitu hutalipa kitu ukirudi kabla ya siku ya kazi inayofuata kuisha.